UZI: Uso wa Tycho Brahe kwenye bamba la shaba, na mambo aliyotaka tuyasome pembeni yake

#1 – FalakiNaKaratasi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikisoma habari za Tycho Brahe mtandaoni nakutana na kitu kilekile: Mdenmark aliyekatwa pua kwenye pambano la panga akavaa pua ya bandia. Juu ya habari inawekwa picha yake, mwanamume mwenye masharubu marefu yaliyoning'inia, kola ya makunjo shingoni na kofia kichwani, amezungukwa na tao lililojaa ngao ndogondogo. Msomaji anaangalia pua, anahama. Tao halisomi, maandishi hayasomi. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini picha ile ni mojawapo ya kazi zake, kama vile vyombo vyake vya kupimia nyota, na inadai kusomwa kwa umakini uleule.

Kwa wasiomfahamu, kwa kifupi. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1546 katika jumba la Knutstorp, Skåne, eneo ambalo wakati ule lilikuwa Denmark na leo ni Sweden. Mwaka 1572 aliona nyota mpya ikiwaka katika kundi la Kasiopea, akaipima, na kitabu chake cha 1573 kilionyesha kwamba nyota ile ilikuwa mbali sana kupita Mwezi, mahali ambapo watu waliamini hapabadiliki kitu. Mwaka 1576 Mfalme Frederick II akampa kisiwa cha Hven, akajenga Uraniborg, jumba la kuchunguzia anga. Darubini ilikuwa bado haijavumbuliwa. Alipima kwa macho na vyombo vikubwa, na vipimo vyake vizuri vilikosea kiasi cha dakika moja tu ya nyuzi, takriban sehemu moja ya thelathini ya upana wa Mwezi mpevu. Vipimo hivyo ndivyo mwanafalaki Johannes Kepler alivyotumia baadaye kupata njia halisi ya sayari ya Mihiri.

Sasa picha. Aliyeichonga ni Jacques de Gheyn, mzaliwa wa Antwerp wa mwaka 1565, aliyejifunza kazi kwa Hendrick Goltzius kule Haarlem, fundi aliyekuwa akisifika Ulaya nzima kwa kuchonga shaba. Pembeni mwa picha kuna maandishi ya Kilatini. Nayafasiri kwa maneno yangu: hii ni sura ya Tycho Brahe, mwana wa Otte, Mdenmark, bwana wa Knudstrup (ndiyo ile Knutstorp alikozaliwa), mwanzilishi wa ngome ya Uraniborg katika kisiwa cha Hven, mbunifu na mjenzi wa vyombo vya falaki vilivyowekwa humo, akiwa na umri wa miaka 40, mwaka 1586 ulipotimia.

Tuanze na tarehe. Mtu aliyezaliwa katikati ya Desemba 1546 anatimiza miaka 40 katikati ya Desemba 1586, ndiyo maana imeandikwa "ulipotimia". Mwaka ule de Gheyn alikuwa kijana wa miaka 21 hivi. Lakini barua ya Tycho ya Desemba 1590, aliyomwandikia Mwingereza Thomas Savile, inaitaja picha yake kuwa imechongwa karibuni tu Amsterdam. Kwa hiyo 1586 ni mwaka wa uso, si mwaka wa bamba. Vitabu vingi vinaandika "1586" chini ya picha kana kwamba ndiyo siku fundi alipoinua chuma chake, na kosa hilo linarithiwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine.

Katika barua hiyo Tycho anapeleka nakala nne za picha na salamu kwa John Dee na Thomas Digges, wanahesabu wakubwa wa Uingereza wakati ule. Na anaomba jambo: kama kuna washairi wazuri huko, wamtungie beti za kuipamba picha yake. Kuna wanaomcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Mtu anayekaa kisiwani, anayetaka wasomi wa miji ambayo hatafika wayaamini mahesabu yake, atajitambulishaje? Alikuwa na kiwanda cha uchapaji hapohapo Hven, na baadaye akajenga na kinu cha karatasi. Kwake yeye kutangaza kazi kulikuwa sehemu ya kazi.

Nitaendelea na ngao. Karibuni.

#2 – Kijiti_cha_Mwisho

Mkuu umeshusha nondo. Naomba nielewe kitu kimoja kabla hujaendelea. Unaposema "imechongwa kwenye shaba", ile picha tunayoiona si mchoro wa wino kwenye karatasi? Shaba inaingiaje?

#3 – SonaraWaUnguja

Mleta uzi aniruhusu nijibu hili, maana liko jirani na mkono wangu. Mimi ni sonara, natia nakshi kwenye bangili za fedha.

Bamba la shaba linasawazishwa na kung'arishwa mpaka ujione usoni. Fundi anashika kijichuma chembamba chenye ncha iliyokatwa mshazari, mpini wake wa mviringo unakaa katikati ya kiganja. Havuti kama anayeandika, anasukuma mbele, na ncha inakwenda ikitoa uzi wa shaba mbele yake. Ukisukuma kwa kina mstari unakuwa mnene, ukilegeza unakuwa mwembamba. Ukingoni mwa mstari shaba inatutumka kidogo, lazima ikwanguliwe, la sivyo itakamata wino pasipotakiwa. Mstari wa mviringo hauchongwi kwa kuzungusha mkono. Mkono unatulia, linazungushwa bamba, nalo limelazwa juu ya kimto cha ngozi kilichojazwa mchanga.

Kisha wino unapakwa bamba zima, unapanguswa juu mpaka ubaki ndani ya mistari tu. Inalazwa karatasi yenye unyevu, vinapitishwa pamoja kati ya magogo mawili ya mashine chini ya mgandamizo mkubwa, karatasi inaingia ndani ya mistari na kuunyonya wino. Ndiyo maana ukikuta chapa halisi, utaona pembeni karatasi imebonyea kwa umbo la bamba. Upitishe kidole, unausikia ule ukingo.

Hii kazi ya kuchapa imetoka kwetu masonara. Wachongaji wa mwanzo wa Ujerumani na Italia, karne ya 15, wengi walikuwa mafundi wa dhahabu na fedha.

#4 – FalakiNaKaratasi

Ahsante sana fundi. Sikutegemea kupata jibu la mtu anayeshika chuma hicho kila siku.

Kwa maelezo yako sasa wote waitazame tena picha, waikuze kwenye shavu. Hakuna rangi ya kijivu popote. Kivuli chote cha shavu ni mistari inayopinda kufuata mnofu, inaanza myembamba, inanenepa inapoingia kivulini, inasinyaa tena inapotoka. Hiyo ndiyo shule ya Goltzius. Masharubu nayo mistari yake ni mirefu, inakwenda mbio, haikatikikatiki. Fundi akikosea hapo hana pa kufutia.

Sasa ngao, yaani alama za koo za mabwana. Zimepangwa kwenye nguzo na tao, kila moja na jina la ukoo wa wahenga wake. Baba yake alikuwa Otte Brahe, mama yake Beate Bille, na wote wawili walitoka katika koo chache zilizokuwa zikiitawala Denmark pamoja na mfalme. Shingoni ana mkufu wenye nishani ya Tembo aliyopewa na Frederick II. Mfalme huyo alifariki mwaka 1588. Picha ilipokuwa ikisambazwa mwaka 1590, mfadhili aliyemvisha ule mkufu alikuwa kaburini tayari, na waliobaki madarakani wakimlelea mfalme mtoto, Christian IV, hawakuwa na deni kwa Tycho.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kila nikizitazama ngao hizo. Tycho aliishi na Kirsten Jørgensdatter, mwanamke asiye wa tabaka la mabwana. Sheria ya huko ilimtambua Kirsten kuwa mke kwa kuishi pamoja waziwazi, lakini watoto wao walihesabiwa watu wa kawaida. Hawakuweza kurithi cheo, wala ngao, wala ardhi ya kibwana. Kwa hiyo lile tao lote la majina lilikuwa linaishia kwake. Watoto waliokuwa wakikimbizana kwenye bustani za Uraniborg hawakuwa na haki na hata ngao moja kati ya zile.

Nayasoma tena yale maandishi nikiwa na hilo akilini. Yanaanza na damu, mwana wa Otte, bwana wa Knudstrup, kisha yanahama: mwanzilishi, mbunifu, mjenzi. Bwana wa tabaka lake hakutegemewa kujisifu kwa kujenga kitu kwa akili na mikono yake. Walitegemewa kusifia vita, mashamba na ukaribu na mfalme. Yeye akaamuru neno "mjenzi" lichongwe kwenye shaba.

#5 – BintiWaMaktaba

Shikamoo fundi, na ahsante mleta uzi. Ninaomba niongeze kuhusu picha nyingine, maana nadhani inathibitisha hoja yako ya "mjenzi".

Kule Uraniborg kulikuwa na chombo kilichofungwa ukutani, robo duara ya shaba ya njano yenye nusu kipenyo karibu mita mbili. Ndani ya ile nafasi tupu ya robo duara Tycho alichorwa ukutani mwenyewe, uso na kiwiliwili kwa mkono wa Tobias Gemperle, mchoraji kutoka Augsburg. Mchoro huo ukachongwa na kuchapwa katika kitabu chake cha vyombo, kilichotoka Wandsbek karibu na Hamburg mwaka 1598, alipokuwa ameshaondoka Denmark.

Maandishi yake nayo yanasema: sura ya Tycho Brahe, mjenzi wa jumba na wa vyombo vya falaki, mwaka 1587, umri miaka 40. Ngao hakuna. Amekaa, mkono mmoja umenyooshwa kuelekeza kwenye tundu la ukutani ambako mwanga wa nyota ulipita. Miguuni amelala mbwa wake, na kwenye maelezo Tycho anasema mbwa yule anaashiria werevu na uaminifu. Nyuma yake unaona ghorofa za jumba: juu wapimaji wako kazini, katikati maktaba na tufe kubwa la nyota, chini kabisa majiko ya alkemia.

#6 – FalakiNaKaratasi

Bi mkubwa, umegusa picha ninayoipenda kuliko zote.

Waikuze wote ukingo wa kulia. Kuna mtu amejitokeza nusu, jicho liko kwenye kitundu cha kuonea. Huyo ndiye anayepima. Chini kuna mwingine anasoma saa, na wa tatu mezani anaandika. Yaani Tycho mkubwa aliye katikati ni rangi ya ukutani, na kazi inafanywa na wasaidizi walio mbele ya ukuta. Mmoja anaona, mmoja anataja saa, mmoja anaandika. Hiyo ndiyo namna kipimo kilivyopatikana pale Hven, na sijui picha nyingine ya karne ile inayoonyesha kwa uwazi hivyo kwamba elimu ya falaki ni kazi ya watu wengi usiku mmoja.

Hata hivyo hakuna jina la msaidizi lililoandikwa pale. Hilo nalihesabu kuwa pengo, pamoja na mapenzi yangu yote kwa picha hii.

#7 – Kijiti_cha_Mwisho

Mkuu, swali la Shakespeare sasa. Nimesoma mahali kwamba Rosencrantz na Guildenstern, wale marafiki wawili wa Hamlet kwenye tamthilia yake, majina yao yametoka kwenye ngao za picha hii. Kweli?

#8 – FalakiNaKaratasi

Majina hayo mawili yamo kweli kwenye ngao, yameandikwa "Rosenkrans" na "Guldensteren". Ni koo za wahenga wake. Na nakala za picha zilifika Uingereza, barua kwa Savile inashuhudia. Kutoka hapo watu wanaruka hadi kwenye meza ya Shakespeare, na ule mruko hauna daraja.

Koo hizo zilikuwa miongoni mwa koo kubwa kabisa za Denmark. Mwaka 1592 vijana wawili wa Kidenmark, Frederik Rosenkrantz na Knud Gyldenstierne, walikwenda Uingereza wenyewe, nao walikuwa ndugu za Tycho kwa ukoo. Wachezaji wa Kiingereza nao walishawahi kuigiza kwenye kasri la Helsingør, huko Denmark, miaka ya 1580. Njia za majina hayo kufika London zilikuwa nyingi. Picha ni mojawapo tu, na sioni sababu ya kuibebesha zaidi ya hapo.

#9 – Mpiga_Ramli_Mstaafu

Najua hutaki mambo ya pua, lakini mimi nataka. Ilikuwa ya dhahabu au ya fedha? Kwenye picha inaonekana?

#10 – FalakiNaKaratasi

Mkuu, pua inaruhusiwa, mradi tusiishie hapo.

Pambano lilikuwa Rostock, Desemba 1566, na aliyemkata ni Manderup Parsberg, Mdenmark mwenzake na ndugu wa mbali, ambaye baadaye walipatana. Tycho alikuwa na miaka 20. Simulizi za zamani zinataja dhahabu na fedha. Kaburi lake, lililo katika kanisa la Týn jijini Praha, lilifunguliwa mwaka 1901 na tena mwaka 2010. Mfupa wa pua ulikuwa na doa la kijani, na uchunguzi wa timu ya pili ukakuta shaba na zinki. Kwa maana hiyo ni shaba ya njano, angalau ile aliyozikwa nayo. Timu hiyohiyo ilipima zebaki kwenye mabaki yake na kukuta kiasi kisichoweza kuua, kwa hiyo zile hadithi kwamba alilishwa sumu zimekosa mguu wa kusimamia.

Kwenye chapa ya de Gheyn, ukiwa na nakala nzuri, utazame daraja la pua. Lakini jihadhari. Mstari mmoja wa kivuli na mstari wa kovu, kwenye shaba, vimechongwa kwa chuma kilekile. Nakala ikiwa imechakaa, nusu ya mistari ya usoni haipo, na utakachokiona ni bahati tu.

#11 – SonaraWaUnguja

Hapo kwenye kuchakaa niongeze neno. Shaba nyekundu ni laini. Kila karatasi inayopita inakula bamba kidogo, na mistari myembamba ndiyo inayotangulia kufa: kivuli cha shavu, nywele, mikunjo ya jicho. Ile minene ya mavazi inabaki. Ukikuta chapa ambayo koti ni jeusi vizuri lakini uso umekuwa mweupe kama umepakwa unga, jua bamba limechoka. Wengine humrudisha fundi alichonge upya, na huyo si lazima awe yule wa mwanzo. Hapo ndipo sura inapobadilika kabisa, macho yanatoka makali na mdomo unakauka.

Na kingine. Bamba linachapa kinyume, kama kioo. Herufi zote fundi anazichonga kwa nyuma. Sasa mtu akichukua chapa iliyokwishatoka, akaiiga moja kwa moja kwenye bamba lake, chapa yake itatoka imegeuka. Ukikuta picha mbili za mtu mmoja, zinafanana kila kitu ila moja anatazama upande wa pili, kuna uwezekano mkubwa moja ni mtoto wa mwenzake.

#12 – BintiWaMaktaba

Fundi, hili ni muhimu sana kwa wanaotafuta picha mtandaoni. Picha za Tycho zilizochapwa karne ya 17 na 18 katika vitabu vya wasifu wa watu mashuhuri ni nyingi, na wachongaji wake walinakili walichokikuta. Kila mnakili aliondoa kitu. Kwanza ngao, maana zinachosha kuchonga. Kisha maandishi marefu yakawa jina tu. Mwisho unabaki na masharubu.

Ninaomba kuuliza mleta uzi: na Kepler je? Ile picha yake ya rangi yenye mwaka 1610 iko kila mahali.

#13 – FalakiNaKaratasi

Hiyo ya 1610 iwekeni pembeni. Watafiti wa miaka ya karibuni wamejenga hoja nzito kwamba ni ya kughushi, imetengenezwa karne ya 19, na huenda uso wenyewe ni wa mwalimu wake, Michael Mästlin. Kwa Kepler heri muitazame chapa ya Jakob van der Heyden wa Strasbourg, iliyochongwa Kepler akiwa hai, miaka ya 1620 mwanzoni. Haina mvuto wa ile ya rangi, lakini imetokana na mtu mwenyewe aliye hai.

Tycho mwenyewe alilijua suala hili la sura ya kweli. Mwaka 1584 alimtuma msaidizi wake Frombork, Poland, alikoishi mwanafalaki Copernicus, akapime latitudo ya mahali pale. Msaidizi akarudi na zawadi mbili kutoka kwa kasisi wa huko: chombo cha mbao cha kupimia alichotumia Copernicus, na picha iliyosemwa kuwa Copernicus alijichora mwenyewe. Tycho alivitungia shairi, akaviweka Uraniborg kwa heshima.

Na alipojenga Stjerneborg, jengo lake la pili la vyombo lililochimbwa chini ya ardhi ili upepo usitikise vipimo, aliweka humo picha nane za wanafalaki kwa mpangilio wa nyakati: Timocharis, Hipparchus, Ptolemy, al-Battani, Mfalme Alfonso wa Hispania, Copernicus, kisha yeye. Al-Battani yupo pale kwa haki yake, Mwislamu aliyepima jua na nyota kutoka Raqqa, Syria, miaka mia saba kabla ya Tycho. Ya nane ilikuwa ya mtu aliyemwita Tychonides, mzao wake ambaye hajazaliwa, na maandishi ya kumtakia awe anastahili babu yake.

Mnakumbuka nilichosema kuhusu watoto wake na ngao. Huyu wa nane ndiye mrithi pekee ambaye sheria ya Denmark haikuweza kumnyang'anya kitu.

#14 – Kijiti_cha_Mwisho

Hapo umenikamata mkuu. Nitaipata wapi nakala nzuri nisome mwenyewe, isiyokatwa pembeni?

#15 – FalakiNaKaratasi

Epuka zile za kwenye makala za kawaida, karibu zote zimekatwa tao ili uso utoshe. Nenda kwenye mikusanyo ya dijitali ya majumba ya makumbusho na maktaba kubwa, mfano Rijksmuseum la Amsterdam au Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen. Tafuta kwa jina la mchongaji, si la Tycho peke yake. De Gheyn alimchonga zaidi ya mara moja, kwa hiyo ukikuta mbili zisizolingana usidhani moja ni feki. Picha hiyo pia hukutwa ndani ya nakala za kitabu chake cha barua kilichochapwa Uraniborg mwaka 1596.

Kwa kitabu cha vyombo cha 1598, nakala zake ni chache, na baadhi zilipakwa rangi kwa mkono ili wapewe wafalme na mabwana, maana alikuwa akitafuta mfadhili mpya. Kiliwekwa wakfu kwa Kaisari Rudolf II, na mwaka uliofuata Tycho alikuwa Praha, mji wa Kaisari huyo. Toleo la pili lilitoka Nuremberg mwaka 1602, yeye akiwa amekwishafariki. Tafuta yote mawili, uyaweke sambamba kwenye kioo cha kompyuta, uanze na yule msaidizi aliyejificha ukingo wa kulia.

Fundi sonara, nikishapata picha yenye ubora wa kutosha nitaiweka hapa. Nataka uniambie kwa jicho lako ni mistari gani ya usoni imeanza kufa.

#16 – SonaraWaUnguja

Iweke ndugu yangu. Ila uniwekee na pembe nne za karatasi, niuone ukingo wa bamba. Bila ukingo siwezi kukwambia kama ni chapa ya shaba au ni picha ya picha.